Fyekeo, Jembe na Mshuko wa Fimbo ya Gofu

Mshuko wa fimbo ya gofu, yaani safari fupi ya fimbo kutoka kilele chake nyuma ya bega la mchezaji hadi inapoukuta mpira chini, huchukua takriban robo ya sekunde, na ndani ya muda huo huamuliwa karibu kila jambo ambalo mchezaji hulilalamikia baadaye: mpira uliopinda ukaishia kichakani, mpira uliobingirika mita 20 tu, au fimbo iliyochimba udongo kabla ya kuufikia mpira. Mchezaji anayetaka kuboresha gofu yake anaweza kununua fimbo mpya, akabadili mshiko na akasimama kwa namna nyingine, lakini hatimaye atarudi kwenye robo hiyo ya sekunde, kwa sababu ndiyo pekee inayougusa mpira.

Kata ya Bungu, iliyoko katika milima ya Usambara Magharibi upande wa Wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, haijulikani kwa gofu. Ni nchi ya migomba, mahindi, maharage na mashamba ya chai, na viwanja vya mchezo huo viko mbali nayo: Gymkhana na Lugalo jijini Dar es Salaam, Gymkhana ya Arusha na Kili Golf karibu na Usa River, TPC karibu na Moshi, na Morogoro. Hata hivyo wakazi wa Bungu, kama wakazi wa vijiji vingi vya Afrika Mashariki, hushika kila siku zana mbili ambazo zinaeleza mshuko wa gofu vizuri kuliko michoro mingi ya vitabuni. Ya kwanza ni jembe, ambalo huonyesha kosa kubwa la wachezaji wengi, na ya pili ni fyekeo, ambalo huonyesha dawa yake. Makala haya yanaeleza mshuko kwa kutumia zana hizo mbili, na maelezo yote yanamhusu mchezaji anayetumia mkono wa kulia. Mwenye mkono wa kushoto atageuza pande.

Kabla ya kuingia ndani zaidi, ni vyema maneno yaeleweke. Mchezaji husimama ubavu wake wa kushoto ukielekea anakotaka mpira uende, huinamisha kiwiliwili kidogo kutoka kwenye nyonga, kisha hupandisha fimbo upande wa kulia hadi juu ya bega. Hapo ndipo kilele. Kutoka kileleni fimbo hushuka, hugongana na mpira, kisha huendelea kupanda upande wa kushoto mpaka mwendo uishe. Mgongano wenyewe ni mfupi mno, kwani kichwa cha fimbo na mpira hukaa pamoja kwa muda wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mpira una uzito usiozidi gramu 45.93, na kichwa cha fimbo kubwa kuliko zote, ambayo wachezaji huiita draiva, kina uzito wa gramu 200 hivi, na mchezaji mahiri wa kulipwa wa kiume hukifikisha kwenye mwendo wa kilomita 180 na zaidi kwa saa, huku mpira ukiondoka kwa mwendo unaokaribia mara moja na nusu ya huo.

Takwimu hizo zina fundisho moja ambalo wanaoanza hulipuuza. Akili ya binadamu huhitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kuona jambo na kuanza kulijibu, kwa hiyo mchezaji anayetambua katikati ya mshuko kwamba fimbo yake imepotoka hana tena nafasi ya kuirudisha njiani. Mshuko hausahihishwi ukiwa unaendelea. Husahihishwa katika namna unavyoanza, na kwa mazoezi ya polepole yanayoujenga mwili mpaka uanze vizuri bila kuamriwa. Mmarekani John Novosel, aliyepima picha za video za wachezaji bora na kuchapisha matokeo yake mwaka 2004, alionyesha kwamba wengi wao hutumia muda wa kupandisha fimbo ulio takriban mara tatu ya muda wa kuishusha, awe mchezaji anayeonekana mwepesi au anayeonekana mzito. Uwiano huo wa tatu kwa moja una maana kwamba kupandisha fimbo kwa kuikokota mno ni kosa kama lilivyo kosa la kuinyakua kwa pupa, ingawa la pili ndilo linaloonekana zaidi viwanjani.

Swali kubwa basi ni hili: mshuko huanzia wapi? Mtu ambaye hajawahi kucheza hujibu kwamba huanzia mikononi, kwa kuwa mikono ndiyo iliyoshika fimbo. Mchezaji Ben Hogan wa Marekani, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1957 kuhusu misingi ya gofu, alisisitiza kwamba nyonga ndizo zinazotangulia kugeuka kuelekea kushoto, na kwamba mikono hubebwa tu mwanzoni. Vipimo vya kisasa vya kamera za kasi na mabamba ya kupimia mgandamizo wa miguu vimeongeza jambo moja chini ya hilo: kwa wachezaji bora, uzito huanza kurudi kwenye mguu wa kushoto hata kabla fimbo haijafika kileleni. Kwa muda mfupi sana mwili huenda pande mbili kwa wakati mmoja, nyonga zikianza kugeukia kushoto huku mabega na fimbo vikiwa bado vinamalizia safari ya kulia, na kiwiliwili husokotwa kama nguo inayokamuliwa. Msokoto huo ndio akiba ya nguvu. Baada ya nyonga hufuata kifua, baada ya kifua mikono, na mwisho wa yote fimbo, kila kiungo kikipata kasi yake ya juu baada ya kile kilichokitangulia kuanza kupungua mwendo.

Kwa nini mpangilio huo unazalisha kasi kubwa hivyo? Waingereza Alastair Cochran na John Stobbs walilieleza jambo hili mwaka 1968 kwa mfano rahisi ambao bado unatumika: mkono na fimbo ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba, na bawaba hiyo ni kifundo cha mkono. Kipande cha juu kikizungushwa, kile cha chini hubaki nyuma kikiwa kimekunjwa, kisha hufunguka chenyewe kadiri mzunguko unavyokikokota kuelekea nje. Wakati kinafunguka, kipande cha juu hupunguza mwendo na kile cha chini huchukua nguvu yake, na kwa kuwa ni chepesi, nguvu ileile hukipa kasi kubwa zaidi. Mjeledi hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Kifundo kikilazimishwa kufunguka mapema, mara tu fimbo inapotoka kileleni, kama mvuvi wa Pangani anayerusha mshipi wake, kasi ya juu hupatikana mahali ambapo hakuna mpira, na fimbo inapofika chini imekwisha kuchoka.

Fyekeo linalionyesha jambo hili kwa uwazi mkubwa. Ni bamba jembamba la chuma lenye urefu unaokaribia mita moja, lililopinda kuelekea ncha yake, ambako hunolewa pande zote mbili, na lenye mpini mfupi wa mti. Mwanafunzi wa shule ya msingi anayepewa zamu ya kufyeka uwanja, baada ya siku mbili tatu za malengelenge, hujifunza mambo ambayo hakuna mtu aliyemfundisha kwa maneno. Husimama miguu ikiwa imeachana kidogo, huinama kutoka kwenye nyonga, na hupeleka fyekeo nyuma upande wa kulia. Mtazamaji akimkazia macho magotini, ataona kwamba goti la kushoto limekwisha kupokea uzito wakati ncha ya fyekeo bado inarudi nyuma. Kiwiko chake cha kulia hukaribia mbavu, kifundo hubaki kimekunjwa, na mkono hushuka ukiwa mlegevu. Kisha, karibu kabisa na nyasi, kifundo hufunguka, chuma hupita kwa mlio mwembamba wa upepo, na nyasi hulala. Anayekaza mkono wote na kupiga kwa nguvu ya bega huchoka kabla ya kumaliza mstari mmoja, na nyasi hupinda badala ya kukatika. Aliyezoea hufyeka hadi kengele ya saa nne akiwa bado anazungumza na wenzake.

Huo ndio mshuko. Uzito hutangulia, kiwiko hushuka karibu na ubavu, kifundo hungoja, na kasi huja chini mahali pa kazi. Zipo tofauti, na ni haki zitajwe: fyekeo hushikwa kwa mkono mmoja na gofu huchezwa kwa mikono miwili, fyekeo hukata kwenda na kurudi, na mfyekaji husogea mbele hatua kwa hatua ilhali mchezaji wa gofu husimama mahali pamoja. Lakini mpangilio wa viungo ni uleule.

Jembe ni habari nyingine. Katika miteremko ya Usambara mkulima hulima akiwa ameelekea mlimani, hunyanyua jembe hadi juu ya kichwa, kisha hulishusha moja kwa moja mbele yake kwa nguvu ya mabega na mikono, na mwishoni hulivuta udongo ukimjia miguuni. Kwa kulima, mwendo huo ni sahihi, na umelisha milima hiyo kwa vizazi. Kwa gofu ni balaa. Anayeanza kucheza, akiwa na fimbo juu ya bega na mpira mdogo chini, husikia mwilini mwake amri ya kale ya kushindilia, na bila kufikiri hulisukuma bega la kulia nje, kuelekea mbele ya kifua, ili mikono ipate nafasi ya kupiga kwa nguvu kutoka juu. Kosa hili halikuanzia kwa wakulima, kwani ndilo kosa la wachezaji wa ridhaa duniani kote, wakiwemo wasiowahi kushika jembe maishani. Jembe linasaidia tu kuliona, kwa sababu linalifanya waziwazi.

Matokeo yake yanahitaji maelezo, maana ndiyo yanayowakatisha tamaa wengi. Bega la kulia likitoka nje, fimbo hushuka kutoka upande wa mbali na mwili na kuukata mpira kuelekea kushoto, badala ya kushuka kutoka upande wa ndani, karibu na mguu wa kulia, na kusafiri kuelekea shabaha. Mambo mawili huamua mpira uende wapi: bapa la fimbo, yaani upande ule bapa unaougusa mpira, na njia ambayo kichwa cha fimbo kinapitia. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, mpaka mitambo ya rada ilipoonyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya mwelekeo wa kuanzia hutokana na bapa, na kwamba tofauti kati ya bapa na njia ndiyo inayoufanya mpira upinde hewani. Fimbo ikikata kuelekea kushoto huku bapa likitazama kulia kwa njia hiyo, mpira huzunguka kwa mshazari na kupinda kulia, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndivyo unavyopinda zaidi. Mchezaji akiona hivyo hujielekeza kushoto ili kuufidia, na kwa kufanya hivyo huifanya njia ya fimbo ikate kushoto zaidi, na mpira hupinda zaidi. Mzunguko huo unaweza kumfunga mtu kwa miaka 20.

Hogan aliwaambia wasomaji wake wafikirie kipande cha kioo kilichoegemea mabegani na kushuka hadi kwenye mpira, na mikono ikipanda chini ya kioo hicho bila kukivunja. Kwa mshuko, msomaji wa Bungu anaweza kufikiria paa la bati. Fimbo inapaswa kuteleza sambamba na mwinamo wa paa, si kudondoka wima kama nazi, wala kuzunguka mlalo kama mlango. Jembe hufuata ukuta, fyekeo hufuata paa.

Marekebisho ya kosa hili hayahitaji uwanja wa mashimo 18. Zoezi lenye faida kubwa kuliko yote, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni lile la kugeuza fimbo kichwa chini: mchezaji hushika mpini karibu na kichwa, akaacha ule upande wa mshiko uwe ndio unaopita karibu na nyasi, kisha akaizungusha hewani na kusikiliza. Upepo utalia. Mlio ukisikika karibu na sikio la kulia, kifundo kimefunguka mapema na nguvu imemwagika njiani. Mlio ukisikika chini, pale ambapo mpira ungekuwa au mbele yake kidogo, mshuko umepangika. Sikio halidanganyi katika jambo hili, na mfyekaji anaujua mlio huo tangu utotoni. Fito iliyonyooka au mwanzi mwembamba hufaa vilevile kwa asiye na fimbo.

Zoezi la pili ni la hatua. Mchezaji husimama miguu ikiwa pamoja, hupandisha fimbo, na fimbo inapokaribia kileleni hupiga hatua ndogo ya mguu wa kushoto kuelekea shabaha, ndipo mikono ishuke. Mwili hauwezi kufanya hivyo kwa kuanza na bega, kwa kuwa mguu umekwisha kutangulia, na baada ya kurudia mara nyingi bila mpira, kisha kwa mpira na kwa nguvu ndogo, hatua huondolewa na hisia ya kutangulia kwa mguu hubaki. Wapo wanaoweka kitambaa au khanga iliyokunjwa kati ya mkono wa juu wa kulia na ubavu ili kiwiko kisiruke nje, na wapo wanaoweka kisanduku chepesi upande wa nje wa mpira, ambacho fimbo itakigonga ikishuka kwa njia ya jembe. Yote yanafaa. Lisilofaa ni kufanya yote siku moja.

Kosa jingine linalostahili kutajwa ni la kusimama wima mapema, ambapo nyonga husogea kuelekea kwenye mpira wakati wa mshuko, mgongo hunyooka, na mikono hukosa njia ya kupita. Mpira hugongwa juu yake au karibu na shingo ya fimbo. Ukuta wa nyumba ni mwalimu tosha hapa: mchezaji husimama bila fimbo, makalio yakigusa ukuta, huipishanisha mikono kifuani na kuigiza mwendo. Anapopandisha, kalio la kulia ndilo linaloegemea ukuta, na anaposhusha, la kushoto huchukua nafasi yake. Makalio yote yakiacha ukuta kabla ya mahali pa mgongano, kosa lipo.

Baada ya njia, linakuja suala la mahali pa chini kabisa ambapo kichwa cha fimbo kinafika kabla ya kuanza kupanda tena. Kwa fimbo ya chuma kama namba 7, wachezaji wa kulipwa huliweka eneo hilo mbele ya mpira, takriban sentimita 10 kuelekea shabaha, hivyo fimbo huupiga mpira kwanza ikiwa bado inashuka, kisha huchubua nyasi mbele yake. Wengi wa wachezaji wa ridhaa huliweka kwenye mpira au nyuma yake, mara nyingi kwa sababu uzito wao umebaki mguu wa kulia wakijaribu kuuinua mpira kwa mikono. Mpira hauhitaji kuinuliwa. Mwinamo wa bapa la fimbo umekwisha kuifanya kazi hiyo. Draiva ndiyo pekee inayotaka jambo tofauti, kwa kuwa mpira wake huwekwa juu ya kijiti na mbele zaidi karibu na kisigino cha kushoto, na mchezaji huukuta fimbo ikianza kupanda. Wachezaji wa kike wa kulipwa nchini Marekani ni mfano mzuri wa hilo: kasi ya fimbo yao kwa wastani ni kama kilomita 150 kwa saa, pungufu kwa karibu kilomita 30 kuliko wanaume, lakini wao huupiga mpira wa draiva fimbo ikiwa inapanda zaidi kuliko wafanyavyo wanaume, na hivyo hupata umbali mkubwa kutoka katika kasi waliyo nayo. Mchezaji wa ridhaa wa kawaida, awe mwanamume au mwanamke, anayo mengi zaidi ya kujifunza kutoka kwao kuliko kutoka kwa majitu yanayopiga mita 300.

Hapa nyasi zenyewe zinaingia katika habari. Nyasi zinazoitwa kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambazo hutambaa kwa mashina manene yanayofumana kama mkeka, ndizo zilizotandazwa katika viwanja vingi vya Nairobi, na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 zilipelekwa California kuzuia mmomonyoko wa udongo. Huko zilienea mpaka zikawa sifa ya viwanja mashuhuri kama Riviera mjini Los Angeles, ambako wachezaji bora wa dunia hukiri ugumu wake. Zikikatwa fupi huunyanyua mpira kama uliowekwa juu ya brashi, na zikiachwa ndefu hushika shingo ya fimbo na kuligeuza bapa. Fimbo inayoburura chini kwa mbali kabla ya kuufikia mpira hunaswa, kwa hiyo mshuko wa huko unatakiwa uwe na mwinamo wa kutosha ili mpira uguswe kwanza. Mtoto wa milimani aliyewahi kufyeka nyasi za aina hiyo anajua kwamba chuma kikiingia kwa ubapa hukwama, na kikiingia kwa mshazari hukata.

Milima nayo ina somo. Mchezaji aliyezoea uwanja tambarare hutaabika pale mpira unapokuwa kwenye mteremko, kwa sababu mwili wake hutaka kubaki wima huku ardhi imeinama. Kanuni ni kuyalaza mabega yafuate mwinamo wa ardhi, uzito ukakubali kukaa zaidi kwenye mguu ulio chini, na kuiacha fimbo ishuke na kilima badala ya kugombana nacho. Mpira ukiwa juu ya usawa wa miguu, fimbo huzunguka mlalo zaidi na mpira huelekea kuvutwa kushoto. Ukiwa chini ya miguu, mwinamo huwa mkali na mpira huelekea kulia. Wakazi wa Bungu, ambao hubeba ndoo za maji na mizigo ya kuni kwenye njia zisizo na hatua kumi za tambarare, wana miguu iliyokwisha kufundishwa jambo hili.

Ni lazima pia kutaja mwili na mipaka yake. Mshuko wenye nguvu huweka mzigo mkubwa kwenye sehemu ya chini ya mgongo na kwenye goti la mguu wa kushoto, unaonyooka ghafla kuusukuma mwili kutoka ardhini. Tiger Woods alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 2008 akiwa na goti la kushoto lililoharibika na mfupa wa mguu uliokuwa na nyufa, kisha akafanyiwa upasuaji, na miaka iliyofuata mgongo wake nao ulimlazimu kurudi kwa madaktari mara kadhaa. Mtu wa miaka 50 anayeanza gofu hana sababu ya kuiga kasi hiyo. Unyayo wa kushoto ukigeuzwa nje kidogo wakati wa kusimama, goti hupata nafuu. Nyonga zikigeuka kwa uhuru, mgongo haulazimiki kufanya kazi isiyo yake.

Wala hakuna umbo moja linalomfaa kila mtu. Jim Furyk wa Marekani hupandisha fimbo yake kwa namna ambayo mwalimu yeyote angeikataza, ikienda wima na kisha kudondokea ndani kwa kitanzi, lakini alishinda mashindano ya wazi ya nchi yake mwaka 2003, na mwaka 2016 alimaliza mashimo 18 kwa mikwaju 58, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake katika ziara kuu ya kulipwa ya Marekani. Kitanzi chake ni chake mwenyewe. Mshuko wake, kuanzia kiunoni kwenda chini, hautofautiani na wa mabingwa wengine. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Tanzania na Kenya nao walianza kama makedi, yaani wabebaji wa mifuko ya fimbo, wakajifunza kwa kutazama na kuigiza kwa fimbo za kuokota, na mishuko yao ina alama za kujifundisha. Madina Iddi wa Arusha, mchezaji wa ridhaa ambaye ameiletea Tanzania ushindi wa mashindano ya wanawake katika nchi kadhaa za Afrika, ameonyesha kwamba umahiri wa kimataifa unaweza kukua katika viwanja vya nyumbani.

Ndiyo maana suala la Bungu si la kupiga soga. Watoto wa kata hiyo na za jirani, kutoka Vuga hadi Bumbuli, hukua na mwendo ambao wazazi wa mijini huwalipa walimu ili wautie katika miili ya watoto wao, na mwendo huo huishia kwenye nyasi za uwanja wa shule kwa sababu hakuna aliyewahi kuwawekea mpira mbele yao. Vilabu vya gofu vya Dar es Salaam, Moshi na Arusha vinaombwa vitazame katika stoo zao, ambamo fimbo zilizoachwa na wanachama hukaa miaka zikishika kutu, na walimu wa michezo wa shule za milimani wanaombwa waandike barua za kuziomba. Fimbo chache za chuma namba 7, mipira ya zamani na uwanja uliokwisha kufyekwa vinatosha kwa mwaka wa kwanza.